Je, Wajua? Kutu ya Freti Si ya Freti

Je, wajua kwamba freti za gitaa la umeme, vile vijiti vya metali vinavyokatiza shingo yake, kwa kawaida hazina chuma cha kuliwa na kutu? Gitaa lililofungiwa stoo ya kanisa pale Nyamirambo, Kigali, tangu Machi hutolewa Desemba likiwa na madoa ya kahawia na ukoko wa kijani kwenye freti, na kila anayelitazama husema, "Hiyo kutu." Kuchafuka zimechafuka kweli. Ukivuta uzi kupandisha sauti, unausikia ukikwaruza chini ya kidole. Lakini kutu ni maradhi ya chuma peke yake, na freti nyingi duniani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki: shaba takribani asilimia 65, nikeli 18, iliyosalia zinki. Nikeli ndiyo inayoufukuza wekundu wa shaba na kuacha weupe unaodanganya jicho.

Mwenye shaka achomoe sumaku kwenye spika mbovu, aiguse freti. Haitanata. Aiguse nyuzi, itang'ang'ania. Ikitokea freti yenyewe imevuta sumaku, basi hiyo ni freti ya chuma, na hapo neno kutu laweza kuwa mahali pake.

Metali hii nyeupe haina fedha hata punje, japo kwa muda mrefu imeuzwa kwa majina yenye fedha ndani yake. Wachina waliijua karne nyingi kabla ya Wazungu na wakawa wanaiuza hadi Ulaya. Wajerumani hawakufanikiwa kuitengeneza kwa biashara kubwa mpaka miaka ya 1820. Ikawa vijiko, uma, funguo, filimbi. Kwenye gitaa ilipendwa kwa sababu ni laini kiasi cha kupindika kufuata mgongo wa ubao wa shingo, lakini ngumu kiasi cha kuvumilia nyuzi kwa miaka.

Ile rangi ya kahawia, basi, inatoka wapi? Kwa nyuzi. Uzi wa gitaa la umeme ni lazima uwe na chuma, la sivyo pikapu, kile kinasa sauti kilichokaa chini yake, haitausikia. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake huitikisa nguvu ya sumaku, na umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Weka nyuzi za nailoni za gitaa kavu juu ya pikapu hiyo, upige mpaka kesho: amplifaya itakaa kimya. Chuma hicho hupakwa bati au nikeli juu ili kisife mapema. Mpako ukishachubuka kwa vidole na kwa freti zenyewe, kutu huanza, na unga wake mwekundu hubanduka na kubaki juu ya freti kila unapobana uzi.

Kuna jambo jingine, ambalo mafundi wa mabomba wanalifahamu vizuri kuliko wapiga gitaa. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi huwa betri ndogo, na katika betri hiyo metali iliyo dhaifu kikemia ndiyo huliwa. Kati ya chuma na shaba, mnyonge ni chuma. Ndiyo maana uzi uliolegezwa kabla ya gitaa kufungiwa, ukaja kulalia freti wiki kadhaa, hukatikia palepale ulipogusa siku unapoukaza tena. Freti imepona na uzi umekwisha.

Kijani ni kesi nyingine kabisa. Hiyo ndiyo inayoitwa kutu ya shaba, ingawa si kutu hasa: shaba ya freti ikijibu jasho, mafuta ya ngozi na hewa. Hukusanyika zaidi kwenye kona ambapo freti inaingia kwenye ubao, mahali kitambaa hakifiki, na ukiikwangua kwa kucha inatoka laini, yenye utelezi kidogo. Haitafuni freti kwa kina. Ni uchafu wa juu, na kwa hiyo dawa yake ni kusafisha. Kuchonga hakuhitajiki.

Je, wajua kwamba wapo watu ambao viganja vyao hushikisha chuma kutu kuliko vya wenzao? Viwanda vya Ulaya viliwajua kabla ya wanamuziki: mtu anakamata kipande cha chuma kilichokwisha kung'arishwa, na baada ya siku chache alama za vidole vyake zimejichora zenyewe kwa wekundu. Mwaka 1979 jarida moja la magonjwa ya ngozi lilichapisha utafiti kuhusu watu hao na jasho lao la viganja. Kwa mpiga gitaa maana yake ni kwamba mwenzako aweza kukaa na seti moja ya nyuzi miezi, wewe ukaua yako kwa wiki mbili, na hakuna aliyefanya kosa. Gitaa la kwaya au la shule, linalopita mikono kumi kwa juma, hupata jasho la kila aina. Hapo kitambaa kikavu cha pamba kilichofungwa kwenye mkanda wa gitaa kinafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote ya dukani.

Kigali haina bahari. Hilo peke yake ni bahati ambayo mpiga gitaa wa Mombasa au Unguja hana, maana kule upepo wenyewe unaleta chumvi mpaka chumbani. Hapa chumvi yote inaletwa na mpigaji, mikononi mwake. Lakini chumvi ina tabia moja mbaya: unyevu wa hewa ukipita takribani asilimia 75, huanza kuyavuta maji ya hewani mpaka ikayeyuka. Usiku wa Aprili, mvua ndefu zikiwa zimekolea kwenye vilima, kiwango hicho si kigeni mjini. Jasho lililokuwa limekauka juu ya nyuzi mchana linakuwa tone tena usiku, bila mtu kuligusa gitaa. Wengine hukimbilia kulifunika kwa plastiki. Tangu 2008, Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mfuko wenyewe huna, na si hasara: plastiki iliyofungwa kabisa hufungia unyevu ndani pamoja na gitaa.

Sasa twende kwenye limau.

Kila jiko lina limau na chumvi, na kila mtu aliwahi kuona bibi aking'arisha sinia ya shaba kwa vitu hivyo. Vinafanya kazi. Asidi ya limau huyeyusha kutu ya shaba, punje za chumvi husugua. Tatizo linakuja baadaye. Sinia unaisuuza kwa ndoo ya maji, gitaa huwezi. Chumvi iliyobaki chini ya ukingo wa freti ndiyo ileile tuliyoisema hapo juu, na asidi iliyonywewa na ubao huukausha na kuupausha. Watu wengi wamepotezwa na chupa zinazouzwa kama mafuta ya limau ya kusafishia ubao wa gitaa: nyingi ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu ya limau, hayana ukali wa tunda. Dawa ya meno nayo ni unga laini wa kusugua, kwa hiyo hung'arisha kweli, ila hukaukia kwenye vinyweleo vya ubao mweusi ikaacha madoa meupe. Brasso, ile ya askari ya vifungo na mikanda, ni kali lakini hufaa kwa freti ikiwa ubao umefunikwa vizuri. Ubao usipofunikwa, ni afadhali ungeacha freti na uchafu wake.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu, na Gakiriro ya Gisozi, kwa maseremala na wauza vifaa vya ujenzi, unavipata vyote bila kutafuta duka la muziki. Unahitaji masking tepu ya mafundi rangi, pamba ya chuma laini kuliko zote (ile yenye sifuri nne, si ile ya kusugulia sufuria), kitambaa cha pamba na mafuta kidogo. Badala ya tepu kuna njia ambayo binafsi naipenda zaidi: chukua ile kadi ngumu ya plastiki inayokuja na laini ya simu, ukate katikati yake mwanya wa sentimita sita kwa milimita tatu. Iweke shingoni, freti ichomoze kwenye mwanya, ubao ubaki chini ya plastiki. Ukimaliza freti moja unahamia ya pili. Kadi moja inamaliza gitaa zima.

Toa nyuzi zote kwanza. Sugua kufuata urefu wa freti, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba na kurudi, kwa sababu ndiyo njia uzi unayopita unapovutwa. Mikwaruzo ikielekea upande mwingine, uzi utaisikia yote. Mwanzoni pamba inakwama, halafu inaanza kuteleza, sauti yake inabadilika kutoka mkwaruzo hadi mnong'ono, na unga mweusi unabaki kwenye kadi. Hapo ndipo pa kuacha. Futa unga wote, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo mno kwenye ubao mweusi usio na vanishi, kisha kausha. Kama ubao ni ule mweupe uliopigwa vanishi, mafuta hayana pa kuingia, na pamba ya chuma isiuguse kabisa. Itaufubaza kwa mara moja.

Msasa wa karatasi uache. Freti mpya ina kimo cha milimita moja na ushei tu, na mgongo wake ni wa duara ili uzi uguse mstari mmoja mwembamba katikati. Msasa mikononi mwa mwenye haraka huubapa mgongo huo. Uzi ukianza kugusa ukingo wa mbele badala ya katikati, sauti inapanda kidogo, na mwimbaji anaanza kulaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Je, wajua kwa nini pikapu hufunikwa kwa tepu kabla ya hata kufungua pakiti ya pamba? Pamba hiyo ni chuma, hukatika vipande vidogo kama vumbi, na pikapu ni sumaku. Vumbi likishanata huko halitoki kwa kupuliza wala kwa brashi, na likipenya hadi kwenye waya mwembamba uliozungushwa, huweza kuharibu pikapu. Kama umeshachelewa, bonyeza tepu juu yake na kuibandua, tena na tena. Uvumilivu unahitajika.

Sumaku za pikapu nyingi zina jina linaloungwa kwa metali tatu: aliniko, yaani aluminiamu, nikeli na kobalti, pamoja na chuma. Na kobalti ni habari ya majirani. Kongo ndiyo inayotoa takribani asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani leo, karibu yote kutoka Katanga, kwenye ukanda uleule wa shaba. Mei 1978 waasi waliotoka Angola waliuteka mji wa Kolwezi, humohumo Katanga, vita ikasimamisha migodi, na bei ya kobalti ikapaa duniani kote. Watengenezaji wa spika, waliokuwa wakitumia aliniko kwa wingi kuliko watu wa pikapu, hawakungoja ishuke. Ndani ya miaka michache wengi wao walihamia sumaku za feriti, nzito zaidi lakini rahisi na zisizo na kobalti. Ndiyo maana wapenzi wa amplifaya za zamani hutafuta spika za kabla ya hapo na kuzilipia pesa nyingi, wakizungumzia utamu wa sauti. Wachache wanajua kwamba mpaka kati ya spika ya zamani na ya sasa ulichorwa kwa sehemu kubwa na vita ya mji wa Kiswahili.

Maana Katanga ni ya Kiswahili. Si mbali na Kolwezi ndipo ulipo mji wa Likasi, enzi hizo Jadotville, ambako mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda akipiga gitaa kavu na kuimba kwa Kiswahili cha huko. Mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa vidole viwili ulisikika hadi Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya wa miaka ya 1960 wana deni kwake.

Rwanda nayo haikukosa metali za gitaa. Bati linalochimbwa Rutongo, kaskazini ya Kigali, ni metali ileile inayopakwa kwenye nyuzi nyembamba za gitaa na inayotiwa kwenye solda ya kuunganisha waya za pikapu. Nchi hii pia ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa tantalamu duniani, inayoingia kwenye vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na mitambo ya sauti. Ni metali zinazosafiri mbali kisha zikarudi sokoni Kimironko ndani ya boksi.

Je, wajua kwamba baba yake Galileo alikuwa mtu wa freti? Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Italia, aliandika mwaka 1581 kwamba ili kupata mahali pa kila freti, ugawe urefu wa uzi uliobaki kwa 18. Kanuni nyepesi, na inakaribia ukweli mno. Miaka mitatu baadaye, mtu wa ukoo wa kifalme wa China, Zhu Zaiyu, alichapisha hesabu kamili ya sauti kumi na mbili zilizo sawa. Mafundi wa leo hugawa kwa 17.817. Chukua gitaa lenye uzi wa milimita 648, kipimo cha Stratocaster: freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka mwanzo, na ya 12 inaangukia katikati kabisa, milimita 324. Ukitumia 18 ya Galilei, kufika freti ya 12 umeshapungukiwa na milimita mbili na ushei. Kwa sikio la mtu wa kawaida bado ni wimbo. Kwa mpiga solo, ni ugomvi.

Inanga haina shida hizi. Kinanda hicho cha Kinyarwanda, kilichochongwa kwa gogo kama hori na kutandikwa kamba moja inayokwenda na kurudi, hakina freti hata moja. Kila mpito wa kamba una sauti yake. Sophie Nzayisenga, aliyefunzwa na baba yake Kirusu Thomas na kuwa jina kubwa katika fani iliyokuwa ya wanaume, hajawahi kuhitaji pamba ya chuma kwa kinanda chake. Udi wa taarabu kule Unguja vilevile: shingo tupu, sikio ndilo linalojua pa kubana.

Gitaa ndilo lililozileta freti mjini, na muziki wa bendi ukajengwa juu yake. Orchestre Impala ilitamba Kigali miaka ya 1980, na sauti ya Sebanani André, aliyeuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, bado hupigwa redioni kila penye vipindi vya nyimbo za zamani. Makanyaga Abdoul ameendelea kuimba igisope, muziki wa bendi wa mahotelini na baani, mbele ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa nyimbo hizo zilipotoka. Mwaka 2014 ikafunguliwa shule ya muziki ya Nyundo, Rubavu, chini ya Jacques Murigande, yule Mighty Popo aliyekuwa mmoja wa wapiga gitaa wa African Guitar Summit, kundi lililotwaa tuzo ya Juno nchini Kanada mwaka 2005.

Shikilia gitaa la mpigaji yeyote kwenye mwanga wa dirisha, na freti zitakusimulia. Zinazong'aa ndizo zinazopigwa, kwa sababu nyuzi zenyewe huzisugua, zilizofifia zimesahauliwa. Mpiga ridhimu wa kwaya ana freti nne au tano za mwanzo zinazometa, na kuanzia ya tisa ni giza la kijani. Mpiga solo aliyelelewa na sebene ya Kikongo ni kinyume chake: kule juu, kupita freti ya 12, ni safi kama kioo, na zimekwisha kuchimbika chini ya nyuzi nyembamba. Anayenunua gitaa kuukuu na kuambiwa "halijapigwa sana" na aanzie hapo kabla ya kuuliza bei.

Jambo la mwisho linakuja Juni hadi Agosti, kiangazi kinapotawala na vumbi jekundu kupanda hadi madirishani. Ubao wa shingo hukauka na kusinyaa upana wake. Freti, zikiwa metali, hazisinyai. Ncha zake basi huchomoza kando, na mkono ukishuka shingoni unahisi meno. Watu hudhani freti zimeng'oka, au kwamba usafishaji wa mwezi uliopita ndio ulioziharibu. Fundi huzipiga faili ndogo kwa pembe, taratibu, ubao ukiwa umefunikwa, na ndani ya saa moja zimekwisha. Asiyetaka kulipa atasubiri: Oktoba mvua zikirudi ubao utapanuka, meno yatajificha, na mwenye gitaa atakuapia kwamba limejiponya lenyewe, mpaka Julai nyingine.